Mrejesho: Tulikubali ile kazi ya kujitolea kambini, Oregon

Wakuu, niliwauliza kama mimi na mama watoto, sasa tumestaafu huku Marekani, tukubali kuwa wenyeji wa kambi ("camp hosts", yaani watu wa kujitolea wanaoishi kambini na kuhudumia wageni wanaopiga kambi) kwenye hifadhi moja pwani ya Oregon. Mshahara hakuna, unapewa nafasi ya kuegesha gari-nyumba lako, maji na umeme bure. Wengine mlisema ni kibarua cha bure. Tukaenda.

Kazi yenyewe ni majivu, majivu, majivu. Wageni wakiondoka unapita kwenye mashimo ya moto waliyotumia, na beleshi na ndoo ya chuma. Juu yamepoa, chokoa ndani ukute kaa jekundu bado, kwa hiyo unamwaga maji, unakoroga, unamwaga tena. Baadaye ni kuokota takataka, kuuza kuni, kuonyesha watu vyoo vilipo.

Kuni ndizo zilizoniletea ugomvi. Mtu amezibeba kutoka mbali, unamwambia hapa haruhusiwi kuziwasha. Ilibidi nijifunze kueleza kwamba mdudu anayeua miti iitwayo "ash" kwa Kiingereza aligunduliwa Oregon mwaka 2022, naye husafiri ndani ya kuni. Wengi huelewa. Mmoja alinitukana, nikamwita askari wa hifadhi; sisi hatuna mamlaka ya kumwadhibu mtu.

Saa nne usiku kelele mwisho. Mama watoto ndiye anayezunguka na tochi, akisema "jamani" kwa Kiswahili, na wananyamaza!

Mwakani tumeomba tena, ila mwezi mmoja tu. Mgongo umekataa.