Vifupa viwili vya kifundo cha mkono vimeshikana: nilizaliwa hivi au nilivunjika?

Mama Chanja (Kigoma)
Habari zenu wakuu. Naanika dagaa mwalo wa Kibirizi, mwaka wa 11 huu. Wiki iliyopita niliteleza na ndoo nikishuka kwenye boti, nikaangukia kiganja cha kulia. Kifundo kikavimba upande wa kidole cha mwisho. Eksirei haikuonyesha ufa, ila vifupa viwili, lunati na trikwetramu, vimeshikana. Aliyeisoma akasema niliwahi kuvunjika utotoni nikaunga vibaya. Nimempigia mama Ujiji, ameapa sijawahi kufungwa banzi hata siku moja. Jirani naye ananitisha na upasuaji. Sasa mwezi ni mkubwa, boti zimepumzika. Giza likirudi nitawezaje kugeuza dagaa?

Mwanamionzi
Pole sana dada. Mama yako msikilize. Kifundo kina vifupa 8, safu mbili za vinne vinne. Lunati ina umbo la mwezi mwandamo, trikwetramu ina pembe tatu, na wamekaa jirani. Mtoto akiwa tumboni huanza wakiwa gegedu moja, baadaye huachana. Wako hawakuachana. Kati ya mishikamano yote ya kifundo huu ndio unaoonekana zaidi, hasa kwetu Waafrika. Daktari Minnaar aliueleza Afrika Kusini mwaka 1952, akaugawa aina nne. Wengi hauwaumi kabisa. Unaosumbua ni ule uliobakiza gegedu jembamba katikati: ukianguka, hapo ndipo panapotoneka. Omba picha ya mkono wa kushoto, maana mara nyingi huwa pande zote mbili. Na ukibonyeza kishimo cha chini ya kidole gumba pakauma, rudia eksirei baada ya siku 10 hadi 14. Ufa wa skafoidi, kifupa cha upande wa gumba, hujificha mwanzoni.

Fundi wa Mwanga
Mimi ninao, na naranda mbao kila siku. Upasuaji usiukimbilie dada, pumzisha mkono kwanza.

Mama Chanja (Kigoma)
Nimerudi jamani. Kushoto ni vilevile! Tena huko vimeungana kabisa. Kulia ndiko kuna kimstari cheusi, chembamba kama uzi wa wavu. Kwenye gumba hapaumi. Nimefungwa banzi wiki tatu. Mwanamionzi, Mungu akuzidishie, nilikuwa silali. Giza likiingia binti yangu atageuza dagaa, mimi nitahesabu ndoo.