Ukuta wa Simba 2023/24: mfumo ndio uliovuja au mabeki?

Mnyama_wa_Keko

Wadau, habari za jioni. Uzi huu nimeukalia muda mrefu. Kila timu ikianza kuruhusu mabao, kijiweni wimbo ni mmoja: leteni beki. Naomba tuupime wimbo huo kwa mfano ambao wote tunaujua, hata kama sisi wa Msimbazi, mashabiki wa Simba, unatuuma.

Tarehe 5 Novemba 2023, Uwanja wa Mkapa, Simba 1, Yanga 5. Tulikwenda mapumziko 1-1, Musonda alitangulia mapema, Kibu akasawazisha. Kipindi cha pili yakaingia manne: Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome kwa penalti. Nilikuwa jukwaa la mzunguko na mwanangu, wakati huo ana miaka tisa. Baada ya lile la tatu akanivuta shati akaniuliza kuhusu beki wetu wa kati, "Baba, mbona Inonga kila saa anakimbilia goli letu?" Sikuwa na jibu siku ile. Nadhani sasa ninalo.

Tazameni hesabu hii. Msimu ule, chini ya kocha Robertinho, tulicheza mechi nne za Afrika kabla ya dabi, yaani mechi hiyo na Yanga. Power Dynamos 2-2 kule Ndola na 1-1 Dar. Al Ahly kwenye African Football League, 2-2 Dar na 1-1 Cairo. Mechi nne, mabao 6 ya kufungwa. Robertinho akaondoka siku mbili baada ya dabi, akasimamia Cadena kwa muda, kisha akaja Benchikha. Makundi ya Ligi ya Mabingwa, mechi sita dhidi ya ASEC Mimosas, Jwaneng Galaxy na Wydad, tukaruhusu mabao 2. Mawili tu! Na uti wa mgongo wa ukuta ni uleule: Kapombe, Tshabalala, Che Malone, Inonga.

Kama mabeki walikuwa wabovu Novemba, Desemba waliponea wapi? Mimi nasema mfumo. Karibuni.

Mwananchi_Tandika

Mtani, nakuheshimu kwa kuleta hili bila kununa. Ila kuna kitu umekiruka: mlikutana na nani siku ile? Yanga ya kocha Gamondi ilishawapiga KMC tano bila, ikawapiga JKT tano bila, yote Agosti. Wale hawakuwa na mfumo wa Robertinho, na bado walikula tano. Ukikutana na Maxi, Pacome na Aziz Ki wakiwa kwenye siku yao, mbio za beki wako ndizo zinazoamua. Inonga ni fundi, sikatai, na Che Malone ana nguvu. Lakini pembeni mlikuwa na watu ambao miguu yao imeshacheza mechi nyingi sana. Kapombe na Tshabalala walikuwa wameibeba ile timu miaka na miaka bila kupumzishwa.

Hata sisi Yanga, Mei 2012 mlipotupiga tano bila, tulilaani mabeki wiki nzima. Sidhani tulikosea wote.

Beki_Mstaafu

Nimecheza namba nne, beki wa kati, ligi ya mkoa Tanga miaka minane, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa upande wa aliyewahi kusimama pale.

Beki wa kati ana maisha mawili. La kwanza, mpira uko mbele yako, unauona, namba sita, yaani kiungo mkabaji, yuko hatua kumi mbele anachelewesha, wewe unasubiri uchukue kilichobaki. Hapo hata mtu wa kawaida anaonekana hodari. Maisha ya pili, namba sita kashapitwa, beki wako wa pembeni yuko kwenye kibendera cha wenzenu anasubiri kupiga krosi, na mtu mwenye mpira anakuja na kasi huku wewe umempa kisogo kipa wako. Una sekunde moja. Ukimfuata, unaacha shimo nyuma. Ukirudi, unampa nafasi ya kupiga. Hakuna jibu sahihi pale. Unachagua kosa dogo.

Mtoto wako aliona vizuri kuliko wachambuzi wengi. Beki anayekimbia akiliangalia goli lake mwenyewe ameshaangushwa na watu walio mbele yake. Kile kilichotokea kwa Mkapa kipindi cha pili kilianzia katikati. Msimu ule tulikuwa na Chama na Saido, mafundi wawili wa mpira mguuni, na Saido alikuwa na miaka 36. Alitoka kuwa mfungaji bora mwenza msimu uliotangulia kwa mabao 17, huwezi kumwambia mtu huyo akimbizane na kiungo namba nane wa wenzetu mpaka kwenye boksi letu. Mpira ukipotea mbele, wawili hao wanabaki huko, mabeki wa pembeni wamepanda, na hapo nyuma wanabaki wanne au watano wakilinda uwanja mzima.

Kwa hiyo mimi niko na Mnyama. Mfumo.

Binti_Ilala

Kaka zangu, mbona wote mmemruka kipa? Mnyama, hesabu yako ni nzuri lakini umefunga mlango mmoja mapema. Kati ya Novemba na Desemba hatukubadilisha kocha tu. Golini siku ya dabi alikuwa Aishi Manula, ametoka kwenye jeraha la muda mrefu. Kwenye makundi kazi kubwa akaifanya Ayoub Lakred. Kipa ni sehemu ya ulinzi. Kipa anayetoka mapema kufagia mipira ya nyuma ya mabeki anawapa ujasiri wa kusogea mbele hatua tano, na hatua tano zile ndizo zinazopunguza uwanja anaousema Beki_Mstaafu. Huo si mfumo, huo ni uwezo wa mtu mmoja.

Halafu kuna pumzi. Klabu ilipomwondoa Robertinho ilimwondoa na kocha wa viungo siku hiyohiyo. Uongozi wenyewe ulikuwa na shaka na miili ya wachezaji. Ukiangalia muda wa mabao, 1-1 mapumziko halafu manne baadaye, siyo ajabu mtu akasema wachezaji walikata pumzi. Wiki mbili kabla walikuwa wanapambana na Al Ahly hadi Cairo. Miguu ikichoka, mfumo mzuri na mfumo mbaya vinafanana.

Mimi ningegawa lawama tatu, na ya mfumo isingekuwa kubwa kuliko zote.

Mnyama_wa_Keko

Dada, hilo la Lakred nimelipokea, sikulipa uzito wake. La pumzi nalikubali nusu. Power Dynamos walitufunga matatu katika mechi mbili mwezi Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya safari ya Cairo na kabla ya uchovu wa msimu. Ule uvujaji ulishaanza. Kwenye ligi tulikuwa hatujapoteza mechi hata moja mpaka dabi, kwa hiyo pointi zilituziba macho.

Na kuhusu uwezo, mtani Tandika, kumbuka Januari 2024. Inonga huyohuyo alikwenda AFCON kule Ivory Coast, akacheza pacha na Chancel Mbemba katikati ya ukuta wa Kongo, wakafika nusu fainali. Hata sisi Taifa Stars tulitoka nao 0-0. Beki mbovu hafiki huko.

Kocha_Mbagala

Nafundisha vijana chini ya miaka 17, uwanja wa vumbi, mipira sita. Sina leseni kubwa, lakini swali hili ninalo mezani kila wiki maana wazazi huniambia yaleyale: mtoe fulani, anafungisha.

Nina kamba ya manila, nimeikata vipande vitatu, kila kimoja mita nane. Nawafunga mabeki wanne viunoni, mmoja kwa mwenzake, wanacheza nusu saa hivyo. Namba mbili, beki wa kulia, akipanda kamba inamvuta namba nne, namba nne anamvuta namba tano. Siku ya kwanza wanaanguka. Wiki ya tatu unaona wanatembea kama mlango unaofunguka na kufungwa. Sasa sikilizeni sehemu ya pili. Mwaka jana nilikuwa na kikosi kinachofungwa matatu matatu. Sikubadilisha beki hata mmoja. Nilichofanya ni kumzuia namba sita asivuke mstari wa kati, na kumwambia winga mmoja tu apande na beki wake, mwingine abaki. Mabao yakapungua mpaka wazazi wakadhani nimesajili.

Lakini, na hili ndilo lililonileta, kulikuwa na kijana mmoja namba tano ambaye hata ungemfunga kamba mbili alikuwa hageuki haraka. Mpira wa juu ukipita kichwani, kwisha. Yule nilimhamisha, hakuna mchoro ubaoni ungemsaidia. Mfumo unaweza kumficha beki mzito dhidi ya timu tano. Ya sita ina mtu mwenye mbio, inamfunua.

Njia ninayotumia kutofautisha ni hii. Tunafungwa mabao yanayofanana na wahusika wanabadilika? Mfumo. Mabao ni ya kila aina lakini jina ni lilelile? Mchezaji.

Jirani_wa_Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni wa upande wa Kenya, nafuatilia ligi yenu kila wikendi. Niwape mfano wa huku kwetu unaoegemea mfumo. CHAN, mashindano ya timu za taifa za Afrika, iliyochezwa Agosti 2025 nyumbani, Harambee Stars yetu ya kocha Benni McCarthy, wachezaji wa ligi ya ndani peke yake. Kundi lilikuwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia, na watu wengi walishatuzika. Tuliwafunga Kongo 1-0, Morocco 1-0, Zambia 1-0, sare 1-1 na Angola. Morocco na Angola zote tulicheza sehemu kubwa tukiwa kumi uwanjani. Robo fainali 1-1 na Madagascar, tukatolewa kwa matuta. Mechi tano, mabao mawili ya kufungwa.

Wale mabeki ndio tunaowaona hapa kila Jumapili wakipigwa chenga kwenye ligi. Lililobadilika ni umbali kati ya mtu na mtu. Timu nzima ilikuwa ndani ya mita thelathini, hata mshambuliaji alikuwa anakaba. Nilikuwa Kasarani siku ya Morocco, na dakika za mwisho mtu wa mbele kabisa alikuwa anaokoa kona kwenye mlingoti wa karibu.

Mwananchi_Tandika

Jirani, mfano mzuri, tena hata Taifa Stars kwenye CHAN ileile waliruhusu mawili katika mechi tano. Lakini mmegusa penyewe ninapopataka. Kukaa nyuma watu kumi ni rahisi kwa timu isiyolazimishwa kushambulia. Simba na Yanga kwenye ligi hawana ruhusa hiyo. Kila timu inawakalia nyuma, wao wanatakiwa wafunguke. Huko ndiko beki anapopimwa.

Mnyama, chukua hesabu yako mbele kidogo. Machi 2024 mmewapiga Jwaneng 6-0 kwa Mkapa. Siku nne baadaye, ligi, Tanzania Prisons wakawafunga 2-1 Morogoro. Aprili tukawafunga tena 2-1. Benchikha yuleyule, mfumo uleule uliozuia Wydad. Mkamaliza ligi wa tatu, pointi sawa na Azam, wakawapita kwa tofauti ya mabao. Hapo mfumo ulikwenda wapi?

Mnyama_wa_Keko

Hapo umenigusa mtani, na nimekaa na swali lako tangu mchana kabla ya kujibu.

Nadhani jibu ni kwamba Benchikha alitibu kitu kimoja: timu ikiwa haina mpira. Dhidi ya Wydad na ASEC tulikuwa tunakubali kukaa bila mpira, na ukuta wetu ukaishi yale maisha ya kwanza ya Beki_Mstaafu. Kwenye ligi mpira ni wetu dakika nyingi, mabeki wa pembeni lazima wapande, na ule ugonjwa wa Oktoba unarudi. Kwa hiyo bado nasema mfumo, ila natubu kwenye neno moja. Niliandika kama vile kocha alimaliza tatizo. Alilihamisha.

Beki_Mstaafu

Sahihi. Na niongeze jambo ambalo halijasemwa. Msimu uliofuata Inonga alikwenda FAR Rabat, akaja Hamza kutoka SuperSport United, golini akaja Camara, benchi akakaa Fadlu Davids. Tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Berkane wa Morocco walitufunga mawili kwao, yote ndani ya robo saa ya kwanza, halafu Amaan, Zanzibar, 1-1. Che Malone alikuwa palepale tangu siku ya tano kwa moja. Kama tungesikiliza kijiwe cha Novemba 2023, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kufungashwa virago.

Hilo ndilo linaloniuma. Beki akifungwa sura yake ndiyo inayoonekana kwenye picha. Kiungo aliyepoteza mpira hatua arobaini mbele hayumo.

Binti_Ilala

Bado sijaondoka kwa Lakred na Camara, kaka zangu. Makipa wawili wazuri, misimu miwili, na mara zote mbili mnasema mfumo.

Mnyama_wa_Keko

Sawa dada, hilo litabaki kati yetu. Nitaitazama tena dabi ile yote wiki hii, nikiangalia alipo namba sita kila tunapopoteza mpira, nirudi hapa na nilichoona. Mwanangu anataka tuitazame wote. Sasa ana miaka ya kutosha kuuliza maswali magumu zaidi, na shuleni wamempa namba nne.

Kocha_Mbagala

Namba nne? Mlete Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachoma. Kipande kimoja cha kamba hakina mtu.