Cicely Tyson: nianze na Sounder, Miss Jane Pittman au zile za uzeeni?

Binti_Kigamboni (mwenye mada)
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza msimu wa kwanza wa How to Get Away with Murder, na kilichonikaa kichwani si kesi wala mauaji. Ni yule bibi, mama yake Annalise, wakili anayechezwa na Viola Davis. Kuna mahali anamkalisha bintiye sakafuni, katikati ya magoti, anamchana nywele huku anamweleza jambo ambalo silitaji kwa ajili ya wasioangalia. Viola Davis, pamoja na ubabe wake wote wa mahakamani, pale anageuka mtoto wa darasa la pili. Nikamtafuta bibi ni nani, kumbe ni Cicely Tyson, na wakati sehemu ile inarushwa, Februari 2015, alishatimiza miaka 90!

Sasa nataka kumjua vizuri. Ila bando langu la kuungaunga, siwezi kushusha kila kitu. Naona majina matatu yanajirudia: Sounder (1972), The Autobiography of Miss Jane Pittman (1974) na Roots (1977). Halafu kuna zile za mwongozaji Tyler Perry. Mliomtazama, nianze na ipi?

Mzee_wa_Kanda
Roots iweke pembeni kwanza. Si kwamba ni mbaya, Kunta Kinte nani asiyemjua. Lakini Tyson pale ni Binta, mama aliyemzaa Kunta, na yumo sehemu ya mwanzo tu. Kijana akishatekwa na kupakiwa melini, mama ndiyo basi tena. Ukiianza kwa ajili yake utabaki unamsubiri mtu asiyerudi.

Anza na Sounder. Louisiana, mwaka 1933, familia ya weusi wanalima shamba la mzungu kwa kugawana mavuno, na mgao wenyewe unajua huwa unaelekea wapi. Baba anaiba nyama watoto wapate kula, anafungwa. Mama, Rebecca, anabaki na watoto na shamba. Hakuna hotuba humo ndani. Mwanamke analima, anafua nguo za watu, anameza. Halafu siku moja anamwona mtu kwa mbali njiani, anachechemea. Anaanza kukimbia kwenye njia ya vumbi, mikono ameitanua, anaita jina la mumewe. Kamera imesimama mbali wala haimkimbilii usoni. Nimeona mapenzi mengi ya Hollywood, sijaona mbio kama zile.

Chogo_la_Posta
Naunga mkono, na ndiyo iliyompa Oscar.

Mzee_wa_Kanda
Hapana mkuu. Aliteuliwa tu. Mwaka ule Oscar ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Liza Minnelli wa Cabaret. Kitu cha kukumbuka ni kwamba kwenye orodha ileile alikuwemo na Diana Ross, yaani wanawake wawili weusi kwa mpigo. Oscar yake Tyson alikuja kupewa Novemba 2018, ile ya heshima, akiwa anakaribia miaka 94.

Mwana_wa_Makadara
Salaam aleikum. Mie wa Mombasa, na nampinga mzee kwa adabu zote. Aanze na Miss Jane Pittman.

Sababu ni hii. Binti kavutiwa na Tyson akiwa bibi. Basi amtazame alivyocheza ubibi kabla hajaufikia. Hakuwa ametimiza hamsini, na humo anamcheza mwanamke aliyezaliwa utumwani mpaka anafika miaka 110, mwaka 1962, wakati weusi wa Kusini mwa Marekani wanadai haki zao. Waliomtia uzee usoni ni Stan Winston na Rick Baker, mafundi ambao baadaye Hollywood nzima iliwapigia magoti, na kazi ile iliwapa Emmy, tuzo ya televisheni. Yeye mwenyewe akatoka na Emmy mbili kwa kazi hiyo hiyo moja.

Na ule mwisho! Bibi anashuka garini na fimbo yake, anakwenda peke yake mpaka kwenye bomba la maji la wazungu watupu mbele ya mahakama. Anakwenda taratibu kweli, na mwongozaji hamharakishi. Wazungu wamesimama wanamtazama. Anafika, anainama, anakunywa, anageuka anarudi garini. Basi. Ukisoma riwaya ya Ernest Gaines iliyozaa filamu hii hulikuti tukio hilo, limezaliwa kwenye filamu.

Mzee_wa_Kanda
Mwanawe, sibishi kuhusu bomba. Lakini uso umefunikwa na mpira. Mwigizaji ni uso. Kwenye Sounder unamwona Tyson mwenyewe, jasho lake mwenyewe.

Mwana_wa_Makadara
Mpira hauzeeshi sauti, mzee wangu. Wala hautetemeshi taya kabla ya neno kutoka. Tazama tena uone anavyovuta pumzi kila baada ya maneno matatu.

Dada_Saluni_Mwanza
Nyie mmekwenda moja kwa moja miaka ya sabini mkamruka Tyson wangu. Mimi kwa kazi yangu namjua kwa kichwa chake.

Mwaka 1963 alicheza East Side/West Side ya CBS pamoja na George C. Scott. Alikuwa karani wa ofisi ya ustawi wa jamii huko New York, na alitokea na nywele fupi za kipilipili, hazijanyooshwa. Wakati huo mwanamke mweusi kuonekana kwenye televisheni ya Marekani kila wiki, kwenye tamthilia nzito, akiwa si mfanyakazi wa ndani, lilikuwa jambo geni. Ukiongeza na nywele hizo! Mwenyewe amesimulia kwamba wasusi walimwandikia barua kulalamika kuwa anawaharibia biashara, maana wateja wanakata nywele wanaacha kuja kuzichoma. Nilicheka sana, kwa sababu hapa kwetu ikitokea msanii mmoja akanyoa, mwezi ule wote mauzo ya rasta yanayumba na mimi ndiye nashika shavu.

Baadaye alisuka na kutokea kwenye shughuli kubwa na nywele zake za kusukwa, wakati wenzake wamevaa mawigi. Mistari ambayo bibi zetu wangeitambua mara moja, jamaa zake twende kilioni. Kwa hiyo lile tukio la kumchana Annalise, kwangu si tukio dogo. Ile ni mikono yenye historia.

Tamthilia yenyewe ilikaa msimu mmoja tu, kuipata ni kazi. Simwambii binti aanzie hapo, ila ajue.

Binti_Kigamboni
Dada Saluni umenimaliza. Sasa swali: kama Sounder ilimfikisha mpaka Oscar, kwa nini baada ya hapo naona televisheni, televisheni, televisheni? Si watu hupanda kutoka televisheni kwenda sinema?

Mtazamaji_Mkimya
Huwa sichangii sana humu ila hili nalijua kiasi.

Sinema ya miaka ile ya sabini ilikuwa na nafasi nyingi kwa weusi, lakini nafasi zenyewe: malaya, muuza unga, mpenzi wa jambazi mwenye kanzu ya manyoya. Tyson alikataa. Kuna kisa amekisimulia mara nyingi cha wakati anazunguka kuitangaza Sounder. Mzungu mmoja akasimama akakiri kwamba wakati anaangalia kitu kilimsumbua: yule mtoto wa kwenye filamu anamwita baba yake kwa jina lilelile ambalo mwanawe yeye humwita. Yaani ilikuwa haijamwingia akilini kwamba mtoto mweusi naye ana baba kama wa kwake. Tyson akasema kuanzia hapo hawezi kujiruhusu kucheza chochote ilimradi ni kazi.

Ukishaweka sharti la namna hiyo, sinema inakuacha bila kazi. Televisheni ikampokea, si kwa upendo, ila ilikuwa na kiu ya hadithi za kweli za kurusha. Angalia mwaka 1978 peke yake: Coretta, mke wa Martin Luther King, kwenye King, na mumewe humo ni yuleyule Paul Winfield wa Sounder. Kisha Harriet Tubman, yule aliyewatorosha watumwa, kwenye A Woman Called Moses. Mwaka 1981 mwalimu Marva Collins wa Chicago. Hakuna studio ya sinema iliyokuwa tayari kumpa hata mmoja wa wanawake hao. Na mtu wa kijijini Mississippi asiye na nauli ya kwenda sinema alimpata sebuleni bure.

Ndiyo maana mimi nasimama na Mwana wa Makadara, japo kwa sababu nyingine. Miss Jane Pittman ilirushwa Januari 1974, na miongoni mwa watoto walioiona kwenye televisheni ya nyumbani ni Viola Davis. Amesema mara nyingi kwamba ndiyo iliyomfanya atake kuigiza, na ndiye aliyeandika dibaji ya kitabu cha maisha ya Tyson, kilichotoka Januari 26, 2021. Siku mbili baadaye Tyson akafariki, miaka 96. Sasa irudie ile sehemu ya kuchanwa nywele ukijua aliyekaa sakafuni ni nani kwa aliyeshika kitana.

Chogo_la_Posta
Na zile za Tyler Perry mnazikwepa kwa nini? Wasomi nyie. Kwenye Madea's Family Reunion anasimama kuwahutubia ukoo mzima, na mimi siku hiyo nilimpigia simu shangazi. A Fall from Grace ya 2020 ipo Netflix. Halafu Perry alisimulia kwamba kwa Why Did I Get Married Too alimlipa dola milioni moja kwa kazi ya siku moja, kwa sababu alisikia Sounder ilimpa dola 6,000. Elfu sita, filamu nzima! Kwa hilo tu mimi Perry nampa heshima yake.

Mwana_wa_Makadara
Hapo sikupingi. Filamu zenyewe ndizo zinanishinda.

Dada_Saluni_Mwanza
Na watu wanasahau jukwaa. Mwaka 2013 alichukua Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani ya Broadway, New York, kwa The Trip to Bountiful, ana miaka 88, maonyesho usiku baada ya usiku. Wengi walidhani ni mdogo kuliko hapo, maana alipoanza alishauriwa apunguze miaka kumi, naye akaitunza siri hiyo miaka na miaka. Sura ilimsaidia kudanganya!

Binti_Kigamboni
Nimeamua: Miss Jane Pittman leo usiku, Sounder mwisho wa wiki bando jipya likiingia. Mzee wa Kanda usininunie. Ila mmenitisha, zote ni machozi. Hakuna hata moja ya kucheka?

Mzee_wa_Kanda
Sinuni. Ipo Bustin' Loose ya 1981, yeye na Richard Pryor, basi bovu limejaa watoto watukutu wanasafirishwa mbali. Pryor anahangaika, Tyson amekunja uso muda wote, na uso huo uliokunjwa ndio unaochekesha. Ila tafuta nakala yenye maandishi ya chini, Pryor anaongea kama anafukuzwa.