Tupeane uzoefu: mliokutana ana kwa ana na marafiki wa mtandaoni, mlipangaje?

Wakuu, salaam. Tuna kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku wa kienyeji: Dar, Moro, Dodoma na wachache wa Moshi. Tumeuziana vifaranga, tumeelekezana dawa, tumechangiana misiba, lakini sura hatujuani. Sasa limezuka wazo la kukutana. Kila mtu anasema "tupo pamoja", ikifika kutaja tarehe, kimya. Waliowahi kufanya hili, kundi lolote lile, tiririkeni. Mimi nimeshatupiwa uenyekiti bila kuuomba.

Fundi Cherehani, Tabata
Achana na kura, mkuu. Sisi mafundi nguo tulipigia kura sehemu mpaka watu wakanuniana: wa Mbezi anataka Mbezi, wa Mbagala anataka Mbagala. Wakateuliwa watatu, wakatangaza: Jumapili ya kwanza baada ya mishahara, saa nane mchana, Coco Beach, anayeweza aje. Tukajaza meza tatu za mihogo. Cha kuchekesha, waongeaji wakubwa wa kundi hawakutia mguu. Waliokuja ni wale ambao mwaka mzima kazi yao ni kuweka dole gumba.

Kaka wa Sinza
Msitumiane nauli. Nimemaliza.

Fundi Cherehani, Tabata
😂😂 Kuna mtu kaliwa hapa.

Mhazini wa Kudumu
Hela ndiyo shughuli yenyewe. Sisi tulilipa chakula kwa kichwa, asiyelipa mpaka Alhamisi hahesabiwi, na mhazini anabandika orodha kundini kila jioni. Ulizeni mapema pia nani hali nini, maana baa yenye kitimoto jikoni si kila mwanakundi atakaa.

Halafu kuna hili la majina. Tulikuwa na dada mmoja anajiita Shangazi Mkali, kundi zima linamnyenyekea. Siku ya kumrudishia chenji naweka namba, jina linalokuja kabla sijathibitisha ni la mwanaume! Nikasita, nikampigia. Sauti ya kike kabisa: "Baba, hiyo laini ya mume wangu, we tuma." Basi kabla ya kukusanya au kurudisha hela, kila mtu aseme jina linalotokea kwenye namba yake.

Binti Kigamboni
Akina dada, sehemu iwe ya wazi, mchana, na nyumbani wajue ulipo. Mara ya kwanza nilimbeba mdogo wangu, akakaa meza ya pili na soda yake kama hatujuani. Baada ya saa moja nikamwita, akala ubwabwa wetu wote.

Mfugaji wa Mkundi
Mleta mada, najua mtu atasema "tukutane bandani kwa mwenzetu tujifunze". Ogopeni. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinasafiri na viatu, nguo, matenga, hata tairi za pikipiki. Ninyi nyote mnatoka kwenye mabanda, kila mmoja na vijidudu vyake, halafu mnakanyaga banda moja siku moja? Hata kama mwenyeji kachanja, asijaribu bahati.

Sisi tulipokutana huku Moro, mwenyeji alikuwa mkali kuliko askari wa mpakani. Beseni la dawa getini, gambuti zake mwenyewe kwa kila anayepita, na kuku tuliwaona tukiwa nje ya wavu. Jamaa mmoja kaja na jogoo wa zawadi, mkubwa, kafungwa miguu. Jogoo mgeni anatakiwa akae peke yake wiki mbili au zaidi kabla ya kuchanganywa, na mwenyeji hakuwa na banda la kumtenga. Akampokea getini kwa shukrani nyingi, akaomba kisu. Ulikuwa mchuzi mtamu sana.

Njooni tu Moro, ila mkae mgahawani. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, wa Dar na wa Dodoma wanafika asubuhi na kurudi jioni, hakuna wa kuomba pa kulala. Tiketi za wikiendi zinawahi kuisha, na andaeni vitambulisho.

Mleta mada
Mmenifungua macho. Moro, mgahawani, mwisho wa mwezi ujao. Kura hakuna. Tarehe naitangaza kesho na anayenuna anune.

Mdau wa Moshi
Na sisi wa Kilimanjaro tupande nini, mwenyekiti? Hiyo treni yenu huku hatuna.

Mfugaji wa Mkundi
Panda basi la Dar ushuke Chalinze, magari ya Moro pale hayakatiki. Ila muulize kondakta kabla ya kulipa, mengine siku hizi yanakatia Msata yanakwenda Bagamoyo. Na jogoo muache nyumbani.