Kioo cha sensa (kifaa cha setelaiti kinachoitazama dunia) kinazunguka, nachekije inaona wapi na saa ngapi?

kijana_wa_data: Wakuu habari zenu, nina code ya Python (programu) inafuatilia setelaiti ya Terra, nataka kujua lini hasa sensa ya MODIS inaiona Mwanza. Napiga hesabu kila sekunde 1 ila majibu yanarukaruka, mara ipo mara haipo, na obiti nimeicheki iko sawa. Nakosea wapi?

bwana_obiti: Hatua yako ndefu mno mkuu. Kioo kina nyuso mbili, kinazunguka mara 20.3 kwa dakika, so skani moja (mpito mmoja wa kutazama) ni kila sekunde 1.477 na humo ni kama sekunde 0.45 tu ndo inatazama dunia.

kijana_wa_data: Kwa hiyo nishuke mpaka milisekunde? Si itakesha hiyo.

dada_geo: Hapana mdogo wangu, gawa kazi hatua mbili. Kwanza chukulia sensa imetulia na inaona digrii 55 kila upande, pata dakika ambazo Mwanza imo. Halafu humo tu, ihamishie Mwanza kwenye mhimili wa sensa (yaani ipime ilipo kwa kutokea kwenye sensa), toa pembe ya mstari wa kuona kwenye pembe ya Mwanza, pale alama ya jibu (+ au -) inapogeuka ndo imepita juu yake. Angalia tu pembe isiruke toka 360 kwenda 0, inaleta mgeuko wa uongo, mimi ilinisumbua wiki nzima.

kijana_wa_data: Imekubali dada, asante sana aisee!