Tupeane uzoefu: mliosoma Kilimo kwa jembe mkononi, kiliwasaidia wapi?

Mama Kitindamimba, Nakuru
Habari za jioni wanajamvi. Mtoto wangu wa mwisho yuko Gredi ya 10, kundi lile la kwanza lililoingia sekondari pevu Januari 2026. Amechagua mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na Kilimo ni mojawapo ya masomo yake. Shule ina shamba, ng'ombe wa maziwa na kuku. Babake analalamika kwamba tumelipa karo mtoto akalime, na kulima angelima hapa nyumbani bure. Mimi sina jibu kwa sababu Kilimo changu kilikuwa cha ubaoni, jembe tulilichora. Mliopitia shule zenye mashamba huku Nakuru, Kisumu na Magharibi, tuambieni mlifanya nini hasa. Yako mwenyewe tafadhali, si ya kusikia.

Mzee wa Viazi
Mama, mwambie baba mtoto apunguze moto. Shule yetu ilikuwa upande wa Molo. Msimu mmoja viazi vya shule vilianza kunyauka na mvua inanyesha. Sisi tukasema ni mizizi imeoza kwa maji mengi. Mwalimu hakubishana na mtu. Aling'oa shina moja lililolala, akalikata karibu na ardhi, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi na kuiweka juu ya jiwe. Tukaizunguka. Haikupita muda, uzi mwembamba mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato hadi chini ya glasi, polepole, bila kukatika. Akasema, hao mnaowaona ni bakteria. Kisha akauliza: msimu ujao hapa tupande nini? Mwenzetu akajibu nyanya. Basi somo likaanza upya, kwa sababu nyanya, hoho na biringanya ni ukoo mmoja na viazi, ugonjwa ungewasubiri hapo hapo mchangani. Tukapanda mahindi.

Siku hizi nalima Mau Narok. Kabla ya kununua mbegu ya viazi aina ya Shangi kwa mtu naomba nitembee shambani kwake viazi vikiwa bado ardhini. Nikiona hata shina moja limelala, naomba glasi. Wengine hukasirika. Hao sinunui kwao.

Omwana wa Butere
Kwetu adui alikuwa kayongo, lile gugu la maua ya zambarau. Babu yangu aliamini ni laana ya shamba. Mwalimu alituambia tuchimbe mhindi mmoja uliodumaa, tusiuvute, tuchimbe na udongo wake, tuuloweke kwenye ndoo na kuusuuza taratibu. Tulipoosha tulikuta vimelea vyeupe vimeng'ang'ania mizizi, na juu ya ardhi hakukuwa na ua hata moja bado. Yaani likichanua, limeshakula. Na mche mmoja huacha mbegu kwa maelfu mengi, mbegu zinazoweza kulala udongoni miaka zaidi ya kumi.

Sehemu ya shamba tukapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za napia pembeni, ile mbinu ya vuta-sukuma iliyotoka kwa watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita na wenzao. Desmodiamu huzuia kayongo na harufu yake hufukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua. Napia huwavuta nje. Halafu vyote viwili ni chakula cha ng'ombe. Babu alikuja siku ya wazazi, akasimama kwenye mpaka wa vipande viwili akiangalia huku na huku. Hakusema kitu, ila msimu uliofuata alinituma nimletee mbegu.

Sina Hamu
Nyinyi mlibahatika. Kwetu shamba lilikuwa la wachelewaji na wapiga kelele. Umechelewa, fyeka. Umefeli hesabu, beba samadi. Miaka minne sikuwahi kuambiwa kwa nini mahindi hupandwa sentimita 75 kati ya mistari. Mpaka leo nikishika jembe nahisi nimekosea mtu.

Mwalimu wa Bungoma
@Sina Hamu, pole, na unasema kweli; shule za namna hiyo zipo. Mimi hufundisha Kilimo na hapo ndipo ningemwambia mama aangalie. Asiulize shule ina ekari ngapi. Aulize: mtoto ana kipande chake, na ana daftari lake?

Mnaokumbuka mradi wa Kilimo wa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, mnajua. Kila mtahiniwa anapewa kipande, kibao kina namba yake, na kazi inaangaliwa kwa hatua tangu kutayarisha ardhi. Huwezi kuazima kabichi ya jirani siku ya kukaguliwa. Mtihani wenyewe wa KCSE unafikia mwisho 2027, lakini tabia ile ya kipande na daftari nataka ibaki. Mwanafunzi akiandika tarehe ya kupanda, bei ya mbolea na saa alizopalilia, mwishoni anagundua mwenyewe kama alipata faida au alicheza tu. Wengi hushtuka wakihesabu jasho lao.

Nyar Ahero
Nitasema kidogo. Udongo wetu wa Nyando ni mweusi, ukikauka unapasuka mguu uingie, ukilowa unabeba kiatu. Mwalimu alitufundisha kulowesha donge, kulivingirisha liwe kamba, kisha kuikunja pete. Ikikunjika bila ufa, mfinyanzi ni mwingi, inua matuta na tengeneza mifereji. Ikivunjika, una mchanga. Nilifanya hivyo nilipokuwa naenda kununua ploti, muuzaji akadhani ni uchawi.

Kijana wa Njoro
Sisi tulikuwa zamu ya maziwa alfajiri, baridi ya Njoro mnaijua. Kiwele kinaoshwa kwa maji vuguvugu, matone ya kwanza yanaangaliwa kwenye kikombe cheusi kama yana mabonge, halafu unakamua kwa kufinya, huvuti. Na uwe haraka, ng'ombe akishaachilia maziwa una dakika chache tu. Mengine niliyasahau.

Mgeni wa Subukia
Samahani kuingilia. Ile glasi ya viazi inafanya kazi kwa nyanya? Zangu zinanyauka mstari baada ya mstari.

Mzee wa Viazi
Inafanya. Chukua shina linalonyauka sasa, si lililokauka. Maji yawe safi na usiitikise glasi. Usipoona uzi, pasua shina kwa urefu utazame ndani: likiwa na michirizi ya kahawia huenda ni kuvu. Kwa vyovyote, mche mgonjwa ng'oa na udongo wa shina lake, na jembe ulilotumia hapo lioshe kabla hujaingia mstari mwingine.