Mume wangu ni dereva wa semi, hofu inanimaliza. Hata maombi yamenishinda

Mke wa Dereva
Wapendwa, naomba ushauri, msinicheke. Mume wangu anaendesha semi, Dar–Lubumbashi. Tangu mwenzake apinduke mlima Kitonga na kufariki, silali. Saa nane usiku nashtuka, moyo unadunda kama nimekimbizwa, viganja vimelowa. Napiga simu. Asipopokea napiga tena. Juzi nilipiga mara kumi na moja, kumbe yuko foleni mpakani Kasumbalesa, kalala zake. Asubuhi akaniambia, "Mama watoto, mimi nikifa barabarani, nitakuwa naitafuta hiyo simu yako."

Kanisani dada mmoja kasema sina imani. Nimefunga siku tatu, hofu iko palepale, sasa na hatia juu. Kwani kuogopa ni dhambi?

Mlinzi wa Zamu
Hiyo ni roho ya hofu hiyo. Kemea. Funga saba.

Bibi wa Ilula
Mwanangu, soma Zaburi 56:3. "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hofu *yangu*, kasema Daudi mwenyewe, tena akiwa mikononi mwa Wafilisti kule Gathi. Hajaificha.

Nami nimeishi na dereva. Nilikuwa naomba hivi: Bwana shika usukani, angalia ile kona, breki hizo, lori la mbele hilo! Nikisema amina nimechoka kuliko nilivyopiga magoti. Ile haikuwa sala, nilikuwa naendesha gari kitandani. Nikaja kubadilisha. Tunasali wote kwenye simu kabla hajawasha gari, dakika mbili, basi. Usiku nikishtuka nasema mstari huo taratibu mara tatu, nageukia ukutani. Simu nikailaza sebuleni juu ya kabati la vyombo. Wiki ya kwanza niliamka kuichungulia, nisikudanganye.

Tairi Kumi na Nane
Mimi dereva. Mke akipiga saa nane nateremka Kitonga, kinachonijia kichwani ni msiba nyumbani. Shemeji, tuonee huruma.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Mlinzi, saba tena? Huyu halali! Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akala, akalala, akaamshwa akala tena (1 Wafalme 19). Dada, kula kwanza. Kisha nenda kituo cha afya, wapime presha na damu, na uwaambie hayo ya usiku bila kuficha. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta moyo kudunda na jasho. Ukipewa dawa, meza. Hujamkana Yesu.

Mke wa Dereva
Bibi, hiyo ya kuendesha gari kitandani ni mimi kabisa, hadi breki nakanyaga! Nimemwandikia mume kwamba tutasali asubuhi kabla hajatoka, baada ya hapo sipigi mpaka apige yeye. Kajibu "Amina" na vicheko vitatu. Kituo cha afya ni Jumatatu. Chaja nimeshaihamishia sebuleni.